Kutua na Kutwika

Katika lupango la Mama Rachelle, yaani kiwanja chake na nyumba yake, pale Rumonge juu ya barabara, kuna sufuria mbili, na ole wako uzichanganye. Ya kwanza ni kuukuu, nyeusi, ilitoka Uvira pamoja na mwenyewe. Ya pili imefungwa uzi mwekundu kwenye mkono, na hiyo ni ya Mama Amissi. Haijawahi kugusana na ile nyama ya nguruwe ambayo watu wa Burundi wanaiita akabenzi na wanaikimbilia kila wakipata nafasi. Mama Amissi hataki hata kuitaja. Anasema “kile kitu”. Akikasirika anasema “kile kitu chenu”.

Mama Amissi ndiye Aziza, mjane wa Hamidou fundi wa nyavu, Mwislamu wa Rumonge tangu babu zake, mwanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye ukimsogelea unajua kazi yake kabla hajakuambia. Mama Rachelle ndiye Marguerite, mlokole kutoka Kivu ya Kusini, muuza mawese na sabuni, mwanamke ambaye akianza kuimba nyimbo zake za asubuhi jogoo wa jirani anaona hana kazi tena. Watu kama hawa wakae lupango moja kwa hiari yao? Mimi mwenyewe ningekataa kuamini, kama nisingewaona.

Ni ziwa lililowakutanisha. Mwaka ule Tanganyika lilipopanda, halikupiga hodi. Liliingia nyumbani kwa Aziza likafika chini ya kitanda, matofali mabichi yakalainika kama ugali wa jana uliotiwa maji, na Aziza akatoka na mzigo kichwani, hajui anakwenda kwa nani. Hamidou alikwisha kufa mwaka mmoja kabla, kwa maradhi. Mtoto wao Amissi alikuwa fundi wa magari kule Buyenzi, Bujumbura, amepanga chumba kimoja na mke na watoto. Aziza akapanda tu barabarani. Yeye na Marguerite walijuana kibiashara, ndagala kwa mawese, na kupunjana kidogo kwa kucheka. Ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni kwake.

“Kaa siku mbili tatu, maji yarudi,” Marguerite alisema.

Maji hayakurudi. Siku mbili tatu zikawa miaka. Kesho yake tu Marguerite alishuka sokoni akarudi na sufuria mpya, akaifunga uzi mwekundu, akaiweka mbele ya mgeni wake bila kusema neno, na Aziza, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, siku ile aliishiwa.

Usidhani wanapatana kila siku. Wanagombana vizuri sana. Wanagombania moshi, wanagombania redio, wanagombania kamba ya kuanikia nguo. Na mara mojamoja Marguerite anapita kwa wachoma nyama barabarani, kisha anarudi amenawa kwa sabuni yake mwenyewe, amesukutua kwa maji ya chumvi, na bado anasimama mbali, upande ambao upepo hautampeleka kwa mwenzake. Aziza anajua. Anajua na ananyamaza, na kwa mtu mwenye mdomo kama wa Aziza, kunyamaza ni zawadi kubwa.

Chumba chake ni kile cha pembeni, mlango unaotazama uwanjani. Ukutani kuna msumari, na kwenye msumari kuna kofia ya Hamidou. Hivyo ndivyo alivyonavyo duniani: chumba, kofia, na sufuria ya uzi mwekundu.

Sasa, mwaka jana alifika msichana mmoja kutoka Bujumbura, jina lake Chanceline, amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye ufuo wa ndagala! Alikuwa anaandika teze, tasnifu yake ya chuo kikuu. Aliwasalimu wanawake kwa Kirundi, “Amahoro,” wakamwitikia vizuri. Kisha akajaribu Kiswahili, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

“Mimi iko natafuta maji,” alisema.

Wanawake wakatazama ziwa, ambalo lilikuwa palepale nyuma yake, na ukubwa wake wote.

“Geuka, mwanangu,” Aziza akamwambia.

Wakacheka mpaka Chanceline mwenyewe akacheka, na kwa kucheka kule akapata viti, chai na majibu. Alichokuwa akitafuta ni habari za mwaka wa maji: nani alihama, nani alimpokea nani, waliishije. Lakini hakutaka kuziandika kwa Kifaransa kirefu kisha zikafungiwe kabatini. Alitaka bede. Bede ndiyo hadithi ya picha, ile inayopangwa kwenye visanduku, mtu akisema maneno yanamtoka mdomoni ndani ya kitu kama puto. Teze yake nzima ingekuwa na bede katikati. Kwa maprofesa wake alikwisha kupigana vita hivyo; mmoja alimuuliza kama siku ya kutetea teze atagawa na peremende.

Aziza naye alikuwa na maswali yake.

“Picha kama za watoto?”

“Ndiyo, mama.”

“Za watu wazima, wenye akili zao?”

“Ndiyo.”

“Basi mimi nichorwe mwembamba.”

Mchoraji alikuwa Mardochée, mtu wa vibao. Kila kinyozi kati ya Kabezi na Rumonge ana kichwa kilichochorwa na Mardochée, na vichwa vyote vinafanana na cha Mardochée. Kazi yao ilikwenda hivi: mama anasimulia, Chanceline anauliza, Mardochée anachora bila maneno, mchoro unarudi kwa wenyewe waukosoe, unachorwa upya, na mwisho wenyewe wanakutana kutia maneno katika maputo. Kila mtu aseme kwa mdomo wake. Majina yao wote yangeandikwa juu ya jalada, si la Chanceline peke yake. Na aliyechorwa akisema ukurasa utoke, unatoka, hata profesa asipotaka.

Aziza alifurahia kazi ile kuliko alivyokubali kusema. Alimrudisha Mardochée mara nyingi. Ndagala hazianikwi hivyo, unazirundika kama kuni! Mimi kitambaa sikifungi hivyo, huyo ni shangazi yako! Kwa Hamidou alitoa sharti moja tu: uso usichorwe. Mardochée akamchora amekaa kwenye benchi, ameinama juu ya wavu, kofia imefunika kila kitu. Aziza alipoiona kofia ile alitazama pembeni kwa muda, halafu akasema benchi ni fupi mno.

Hadithi ya Aziza na Marguerite ilikuwa na ukurasa wake, na ukurasa huo Chanceline aliamua usimuliwe na Marguerite, kwa sababu yeye ndiye aliyepokea.

Tukiwa bado hatujafika kwenye ukurasa, kuna simu. Siku moja Aziza alikuwa anachambua mchele nyuma ya nyumba, Marguerite yuko ndani anazungumza na binti yake, Rachelle, aliyeolewa Uvira na ana mimba. Marguerite hajui kuzungumza na simu polepole. Anafikiri Uvira ni mbali kwa hiyo lazima asikike huko kwa nguvu zake mwenyewe.

“Njoo uzalie hapa, mutoto wangu! Chumba kitapatikana! Usihangaike! Mama Amissi? Nitamwambia mwenyewe! Natafuta tu namna ya kumwambia!”

Mchele ukamponyoka Aziza mkononi. Chumba kitapatikana. Kipi? Lupango lile lina vyumba viwili na sebule ambayo ukilaza mtu miguu inatoka nje. Alikusanya mchele punje kwa punje. Ana haki, alijiambia. Damu yake inakuja, mimi ni nani? Mgeni wa siku mbili tatu. Lakini ilimuuma, wala hakujidanganya kwamba haikumuuma. Akangoja aambiwe. Siku zikapita, Marguerite anamtazama, anafungua mdomo, anaufunga, anaondoka kwenda kufua.

Ndipo Mardochée alipoleta ukurasa. Aliukuta mlango wazi, akamkabidhi Aziza karatasi ndefu, maana mtu wa vibao hajui karatasi fupi. Picha tano zote kwenye mstari mmoja kama kibao cha duka.

“Ndivyo alivyosimulia Mama Rachelle,” alisema. “Nakala yake nimekwisha kumpa. Tazama vizuri, kesho kutwa tunatia maneno.”

Hapa lazima nikuambie kitu kimoja, usije ukanilaumu mbele. Aziza hakukaa hata siku moja shule ya Kifaransa. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na alisoma vizuri. Msahafu anausoma mpaka leo bila miwani. Herufi za vibao vya Mardochée kwake ni vijiti tu. Na mtu aliyefundishwa kwa fimbo kwamba mstari unaanzia kulia, macho yake yanaingia katika kila karatasi kwa mlango wa kulia, iwe na maandishi au iwe na picha. Wewe umeshaelewa. Yeye, masikini, hakuelewa.

Akaketi kitandani akaanza, kulia. Picha ya kwanza: wanawake wawili wanakula sahani moja, wanacheka, meno nje. Aziza akatabasamu, kweli ndivyo tulivyo. Ya pili: wanawake walewale, vidole juu, midomo wazi, sufuria chini kati yao. Wanagombana. Haya, hata hiyo ni kweli. Ya tatu: mlango wa Marguerite, na Marguerite ameinua mikono yote miwili, anamwekea Aziza mzigo kichwani. Anamtwika. Aziza tabasamu likamkauka. Ya nne: Aziza peke yake, maji ya ziwa yamemfika magotini, masufuria yanaelea. Na ya tano, ya mwisho kabisa: nyumba ya zamani, na mlangoni, kwenye benchi, marehemu Hamidou anamngoja.

“Lahaula!” Aziza alisema peke yake chumbani.

Akaisoma tena. Tumekula, tumegombana, akanitwika mzigo, nikaingia ziwani, nikamfuata marehemu. Akaisoma mara nyingine, labda amekosea. Hapana. Ndivyo alivyosimulia Mama Rachelle! Hii ndiyo ile namna ya kumwambia aliyokuwa akiitafuta!

Na usimcheke. Aziza amekulia kati ya wanawake ambao jambo zito hawakwambii usoni. Wanakuvalia. Mtu akikuchoka anavaa kanga yenye maneno, anapita mbele yako, anarudi, anapita tena, mpaka ujumbe ukuingie. Sasa mlokole huyu hana kanga, ana bede. Ukitaka kumtoa mtu nyumbani, sawa, lakini kumpeleka mpaka kaburini! Na kwa picha! Na Bujumbura wote wakasome!

Kuanzia saa ile Aziza akawa na adabu. Mungu akuepushe na adabu ya Aziza. Akipewa chumvi anasema “murakoze cane”, asante sana ya Kirundi, kama kwa mkuu wa mkoa. Akiulizwa amelalaje anajibu, “Vizuri, madamu.” Madamu! Kwa mtu waliyekuwa wanarushiana majani ya lengalenga wakichambua mboga! Chakula akala kijiko kimoja akashukuru. Kisha akaichukua sufuria ya uzi mwekundu, akaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ukaona meno yako ndani yake, akaipeleka kwa Marguerite kwa mikono miwili.

“Ya nini hii?” Marguerite akauliza.

“Mali yako, madamu. Nimeitumia vizuri.”

Marguerite akapauka. Yeye naye alikuwa na lake moyoni, maana Jumamosi iliyopita kwa wachoma nyama alikaa kidogo zaidi ya kawaida, na chumvi ya kusukutulia ilikuwa imekwisha.

“Mama Amissi,” alisema, “kama ni habari ya Jumamosi...”

“Sina habari na Jumamosi.”

“Ilikuwa vijiti viwili tu! Minakuambia ukweli, shetani alikuwa anachoma na mimi nilikuwa napita!”

“Kula unachotaka, madamu. Nyumba ni yako.”

Basi Marguerite akajua amekwisha. Usiku kucha aliomba msamaha kwa Mungu kwa vijiti viwili, akaona havitoshi, akaungama cha tatu.

Kesho kutwa ikafika. Wanawake walikutana mchana chini ya turubai, karibu na vichanja vya ndagala, Chanceline na kalamu zake, sasa akiwa na ndala za mpira kama binadamu wengine. Kurasa zilikuwa zimetandazwa juu ya mkeka na mawe yamezishika upepo usizichukue. Mardochée alikuwa na rangi nyeusi tayari kwa maputo. Kila mtu amekaa, isipokuwa Aziza.

Alikuja akitembea polepole, kitenge kipya, na kichwani mzigo. Vitu vyake vyote vilikuwa ndani ya mzigo ule, kofia ya Hamidou juu kabisa. Alikuwa amepanga hivi: autoe ukurasa, haki yake anaijua, kisha asimame barabarani angoje gari la Bujumbura, aende akalale miguuni kwa wajukuu. Angewabana pale, alijua, na mkewe Amissi angekuwa na adabu kama hii yake. Hakuona njia nyingine.

Marguerite alipomwona na mzigo akainuka mbio. Ndiyo desturi, mtu akifika na mzigo kichwani humwachi asimame nao, unamtua. Akainua mikono miwili kuupokea.

Aziza akaruka nyuma, mzigo ukayumba. “Usiniguse! Umeshanitwika mara moja, inatosha!”

“Nakutwika? Si nakutua!”

“Unanitwika! Mbele za watu tena!”

“Mama Amissi, nimekutwika lini mimi?”

“Ukurasa wako si ule pale? Unaniuliza mimi?”

Wanawake wote wakageukia ukurasa. Chanceline akautazama kwa hofu, akatafuta pa kushika asipaone. Akasema kwa sauti ndogo, “Mama, tafadhali, tusomee. Wewe unavyoiona.”

Aziza hakukubali kuketi wala kutuliwa. Akaomba karatasi iinuliwe, maana shingo ilikuwa chini ya mzigo na haiwezi kuinama. Mardochée akaishika juu kama kibao. Na Aziza, amesimama wima, mkono mmoja umeshika mzigo, akanyoosha kidole.

“Hapa tunakula, tunacheka. Uongo?”

“Si uongo,” wakasema.

“Hapa tunagombana. Sawa. Hapa Mama Rachelle ananitwika mzigo wangu, ananitoa. Hapa niko ziwani, nazama. Na hapa,” kidole kikafika kwenye benchi, “hapa nimekufa, niko na Hamidou wangu. Basi. Mtu amechoka na mimi, na aseme. Mimi ni mtu mzima, naelewa, mtoto wake anakuja, anahitaji chumba. Lakini ungeniambia kwa mdomo, Mama Rachelle! Sufuria ulinipa bila maneno nikaelewa. Hii ya kuniua kwenye karatasi sikuitegemea kwako. Kwako wewe, hapana.”

Na machozi yakamtoka, yakashuka bila kupanguswa, mkono mmoja ukiwa kwenye karatasi na mwingine kwenye mzigo.

Chanceline naye alikuwa analia, bila kujua anachokililia. Marguerite peke yake hakuwa akiutazama uso wa Aziza. Alikuwa anakitazama kile kidole, kilichokuwa kimefika mwisho wa karatasi, mkono wa kushoto kabisa.

“Mama Amissi,” alisema taratibu. “Umeanzia wapi?”

“Nimeanzia mwanzo!”

“Mwanzo iko wapi?”

“Mwanzo ni mwanzo! Pale! Kulia! Umesahau hata mwanzo ulipo?”

“Yesu wangu,” Marguerite akasema.

Akasogea, akakishika kile kidole cha Aziza, akakiacha pale pale kilipokuwa, kwenye nyumba na benchi, halafu akakisukuma kwenda upande wa pili. “Uko kwako na Hamidou. Haya. Maji yanakuja. Haya. Unafika kwangu na mzigo, mimi nakutua. Tunagombana, siku ile ulipoosha soksi zako ndani ya sufuria yangu...”

“Sikuosha soksi, nililoweka.”

“...tunagombana. Na tunakula. Ndiyo mwisho. Mimi nimeimaliza kwa kula.”

Aziza alitazama. Akarudi kulia, akaenda kushoto, akarudi tena. Mikono ya Marguerite katika picha ile ya katikati ilikuwa ileile, imeinuliwa vilevile, mzigo uko hewani kati ya kichwa na viganja. Hakuna mchoraji duniani anayeweza kukuonyesha kama mzigo ule unapanda au unashuka. Inategemea ulikotokea.

Mwanamke mmoja akaanza kucheka, akijizuia kwa kitenge mdomoni, na kicheko kikapasuka pale turubaini mpaka wavuvi waliolala kando ya mitumbwi wakainua vichwa. Mardochée alijishika kichwa. Chanceline alicheka na machozi yake bado hayajakauka. Alisema alikuwa amewauliza maswali yote duniani, ila kila mmoja anaanzia wapi hakuuliza.

Aziza hakucheka bado. “Na chumba?” alisema. “Nilikusikia kwa simu. Utaniambia nini?”

Marguerite akaona aibu, na hilo lenyewe lilikuwa jambo la kutazama. “Rachelle atalala kwako na mutoto. Wewe nilitaka uhamie kwangu, kitanda ni kikubwa. Lakini kuna ule msalaba juu ya ukuta, nikasema atakataa, nikasema nitautoa, nikasema Mungu ataniuliza. Nikawa natafuta maneno. Basi. Tena mutoto nani atamwogesha, mimi? Mikono hii ya sabuni? Nilikuwa nimekuhesabia wewe.”

“Uuache msalaba wako,” Aziza akasema. “Mimi nitalala nimeupa mgongo.”

“Na kukoroma?”

“Mimi sikoromi.”

“Unakoroma kama lori la mawese linapanda mlima!”

Hapo Aziza akacheka. Alicheka mpaka mzigo ukaanza kuteleza, kofia ya Hamidou ikaegemea sikio lake, na akaufumba mkono juu yake isianguke.

“Nitue basi,” alisema. “Shingo inauma.”

Marguerite akainua mikono miwili. Mzigo ukashuka, ukawekwa kwenye mkeka, na Aziza akaketi kando yake akaivuta kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

Ikaja kazi yenyewe, maneno. Kwa picha ya kula walibishana sana, ya kugombana haikuwapa taabu hata kidogo, Mardochée alikosa nafasi ya kuandika yote. Ikabaki ile ya katikati, Marguerite na mzigo. Puto lile liseme nini? Wakamwuliza Marguerite, kwani siku ile alisema nini. Akafikiri. “Nilisema, ‘Polepole.’ Si ndivyo anavyoambiwa mtu?” Na ni kweli, ndivyo anavyoambiwa mtu, akitwikwa polepole, akituliwa polepole. Mardochée akaliandika kwa herufi kubwa kama za kinyozi.

“Sasa niweke mshale hapa kushoto,” Mardochée akasema, ameshachovya brashi, “watu wajue pa kuanzia.”

“Usiweke,” Aziza akasema.

“Lakini mama, mtu atapotea tena.”

“Usiweke, nimesema. Mimi ndimi niliyechorwa.” Akaivuta karatasi magotini kwake. Kidole chake kikaenda kulia, kwenye sahani na kicheko, kikatembea taratibu juu ya ugomvi, juu ya mzigo, kikaingia majini. “Kwenu ninyi ziwa linaingia nyumbani kwangu. Ukianzia kwetu, linatoka.” Kidole kikafika kwenye nyumba. Kuta zilikuwa zimesimama. Benchi liko kavu, na mtu ameinama juu ya wavu wake, kofia imemfunika. “Tazameni. Limetoka lote.”

Marguerite alikuwa akimtazama kwa wasiwasi. “Halafu ubaki huko?”

“Nibaki nifanye nini? Huko hapapikwi.” Aziza hakuinua kidole. Alikiacha kidogo juu ya kofia ile ndogo ya wino. “Namsalimia tu. Nikishamsalimia nageuza kidole, nasoma kwa mkono wenu, narudi nyumbani.”

Marguerite akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akapiga chafya ya uongo ili watu wasimwone.

“Basi ukirudi,” alisema, “pitia dukani. Chumvi imekwisha.”